Robine ilitoa maji, lakini haikuwa yetu

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini nyumba ya chama chetu imebaki kwenye fundasio mpaka sasa, miaka miwili imepita. Kuna wanaouliza kwa upole, na kuna wanaouliza sokoni kwa sauti ili kila mtu asikie. Tulinyamaza juu ya haya. Lakini juma lililopita mama mmoja wa kundi letu alituomba tumsindikize kuangalia parseli anayotaka kununua, na tukiwa njiani tuliona kwamba haya yetu haimsaidii mtu. Basi leo tunasema.

Sisi ni wamama 34. Kila juma, tukimaliza kuweka akiba ya AVEC, kila mmoja alitia dola moja katika sanduku la pembeni, sanduku la nyumba. Tulifanya hivyo miaka mitano. Ukihesabu utaona ingekuwa dola 8,840 kama hakuna aliyekosa hata juma moja. Wengine waliugua, wengine walifiwa, mmoja alihama, tulifika 8,500. Hizo pesa zilitoka katika sambaza, ndizi, unga wa muhogo na nguo za kukunjua pembeni ya njia. Tunasema hivi ili mjue ni pesa ya namna gani tuliyobeba siku ile.

Nyumba tuliyoiota ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha mashine za kushona, ambapo mabinti waliokosa masomo wangejifunza kazi. Cha pili cha mashine ya kusaga. Na mbele, robine ya kuuzia jirani maji kwa bidoni, ili chama kipate feranga kidogo kila siku. Ukiangalia vizuri, nyumba yenyewe ilikuwa ni umeme na maji tu. Kuta zilikuwa za kuvifunika.

Komisionere alitupeleka kwenye kilima kimoja juu ya Panzi. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua nyingi, siku ya Mungu baada ya kanisa. Tulikuwa tumevaa vikwembe vya sare. Muuzaji alitupokea kwa heshima, akatuletea viti, kisha akaenda kwenye pembe ya parseli akafungua robine. Maji yalitoka kwa nguvu mpaka yakalowesha viatu vya mama rais. Tulicheka sana. Akanyoosha kidole juu, tukaona nyaya zinapita juu ya kichwa chetu. Akasema: « Wamama, maji iko, moto iko, mnataka nini tena? »

Hatukutaka kitu tena. Tulitaka karatasi.

Na kwa karatasi tulikuwa wanafunzi wazuri, lazima tujisifu kidogo. Tulikuwa tumefundishwa kwamba tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 udongo ni wa Serikali, na tunachonunua ni haki ya kukaa juu yake. Kwa hiyo tulienda kwenye ofisi ya ardhi, tukaomba kujua kama parseli imeandikwa kwa jina la nani. Tulienda kwa shefu wa kartie na shefu wa avenii. Tuliita majirani wa pande nne waonyeshe mipaka. Mwekahazina wetu alikataa kutoa hata dola moja kabla bibi ya muuzaji hajatia mkono wake pamoja na bwana yake, na alifanya vizuri, kwani nyumba nyingi zimeuzwa mjini hapa mama akiwa sokoni. Tulilipa dola 6,500 mbele ya mashahidi. Karatasi zetu ni safi mpaka leo, hakuna anayetusumbua. Ila karatasi haisemi tiyo inatoka wapi, na sisi hatukuuliza.

Tulianza fundasio mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeingia. Siku ya kwanza robine ilikuwa kavu. Tukasema labda wamekata. Siku ya pili kavu. Siku ya tatu mama wa nyumba ya chini alipanda akatusalimu, akaangalia mafundi waliokaa juu ya mchanga, akatuambia bila hasira: « Wamama, mtanisamehe. Ile robine ni ya kwetu. »

Alitushusha kwake akatuonyesha. Konteri ya maji ilikuwa katika ua lake, fakitire ilikuwa na jina la bwana yake na namba yake ya abone. Muuzaji alikuwa ameomba zamani kupitisha tiyo ndogo kutoka kwao, wagawane malipo. Alilipa miezi michache akaacha. Walipoona amehama, walifunga. Nani angewalaumu? Sisi wenyewe tungefunga. Na alituambia jambo lingine lililotuuma zaidi: hata kwake maji yanafika mara mbili kwa juma tu, usiku, tena wakati wa kiangazi hayafiki kabisa siku nyingi. Ile siku ya Mungu ya mwezi wa nne watu wengi walikuwa kanisani, hawakuwa wanachota, na mvua ilikuwa imejaza kila mahali. Tulionyeshwa maji kwenye saa nzuri kuliko zote za mwaka.

Fundi mmoja wa mabomba, mzee mwenye subira, ndiye alitueleza mambo ya kilima. Maji ya tanki yanashuka kwa uzito wake. Kila mita 10 unazoshuka chini ya tanki zinakupa nguvu ya bari moja kwenye robine. Kila mita 10 unazopanda zinakunyang'anya bari moja. Ukifika kimo cha tanki, nguvu inakuwa sifuri. Ukipita juu yake, unaweza kulipa abonema, kununua tiyo mpya na kuomba usiku kucha, maji hayatapanda bila mashine ya kusukuma. Na kabla ya kufika huko juu, wale wa chini wote wakifungua robine zao asubuhi wanakuachia hewa. Bukavu ni mji wa vilima, kila mmoja wetu amezaliwa kwenye mteremko, lakini hakuna aliyewahi kusimama kwenye parseli akauliza: tanki iko wapi, nasi tuko juu yake au chini yake? Yule mzee alituonyesha tanki kwa kidole. Ilikuwa kwenye kilima cha ng'ambo, na macho yetu yalikuwa karibu sawa nayo.

Upande wa umeme ndiyo tulicheka kwa uchungu. Zile nyaya zilizopita juu ya vichwa vyetu hazikuwa nyaya za nyumba. Zilikuwa nyaya za nguvu kubwa zinazopeleka umeme kutoka kabini moja hadi nyingine. Hakuna anayeweza kushusha waya pale akawasha taa. Lazima kwanza kuwe na kabini ya kupunguza nguvu hadi volti 220 za nyumbani. Faida yake kwetu ni hakuna, na hasara yake ni kwamba chini yake huruhusiwi kujenga. Ilitubidi kusogeza fundasio na kupoteza sehemu ya parseli.

Poto ya mwisho yenye waya wa nyumba ilikuwa chini, karibu na barabara. Tulihesabu hatua 240 kutoka pale hadi kwetu. Tuliambiwa zitatakiwa poto nne na waya wa kutosha, na kwamba mwombaji ndiye anayenunua. Tukasema sawa, tutachanga. Hapo ndipo fundi wa umeme alipotuuliza swali ambalo tungepaswa kujiuliza miaka mitano mbele: « Mashine yenu ya kusaga ni ya fazi ngapi? » Ilikuwa ya fazi tatu. Ile poto ya barabarani ilikuwa na nyaya mbili tu, fazi moja. Hata tungefika, mashine isingezunguka. Na kabini ya kartie ilikuwa imejaa. Jioni watu wakiwasha, taa zinakuwa nyekundu kama makaa.

Mtaona tumesema sana juu ya umeme. Tunasema juu yake kwa sababu ni rahisi kusema. Juu ya maji ni vigumu.

Mnajua ujenzi unakunywa maji. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 unataka kiasi cha lita 25 kwa kuchanganya peke yake. Mifuko 60 ni lita 1,500, ni bidoni 75 za lita 20. Kisha fundasio linataka kumwagiwa maji kila siku kwa juma zima, la sivyo linapasuka. Mafundi walitaka maji yawe tayari saa moja asubuhi. Pesa ya kulipa watu wa mkokoteni ilikuwa ndogo, na mkokoteni haupandi pale. Basi tukasema kila mama atume mtu wa nyumbani kwake. Na mtu wa nyumbani, mnajua, ni binti. Hakuna mama kati yetu aliyetuma kijana mwanaume. Tumeangalia daftari, hakuna hata mmoja.

Mabinti walishuka kwenye chemchemi saa kumi ya usiku ili wasikute msururu. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, juu ya kichwa, njia ya udongo. Walichelewa shule. Mwalimu mmoja alituma barua, tukaisoma kwenye mkutano, tukasema ni juma moja tu, tuvumilie.

Siku ya tano, binti wa mmoja wetu, ana miaka 15, alirudi bila bidoni. Kikwembe kilikuwa kimepasuka. Hakusema neno, na mama yake hakumuuliza mbele ya watu. Tulimpeleka hospitalini asubuhi ileile. Tunaliandika hili kwa ajili ya kila mama anayesoma: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wa saa 72 tu, na kila saa ina maana, msikae nyumbani mkijadili nani atajua. Binti yuko, anasoma, mwaka huu amepita darasa. Zaidi ya hapo ni habari yake yeye, si ya gazeti letu.

Siku ile tulisimamisha kazi. Dola 2,000 zilizobaki zilikuwa zimeingia nusu katika fundasio, nusu nyingine tukaiweka. Katika mkutano mama mmoja alisema kosa ni la rais. Mwingine akasema kosa ni la komisionere. Rais wetu alisimama akasema: « Mimi ndiye niliyeloweshwa viatu, na nilifurahi. » Akakaa. Hatukumwondoa. Robine ile tuliifurahia sote 34.

Sasa tuje kwa juma lililopita.

Mama aliyetuomba tumsindikize ni mjane, anauza unga, ana watoto wanne. Ameona parseli upande wa Bagira yenye kibanda cha mbao, robine na umeme. Bei inamfaa, na muuzaji anamharakisha, anasema kuna mnunuzi mwingine anatoka Uvira na pesa mkononi. (Yule mnunuzi wa Uvira tunamjua sote. Alitaka kununua hata parseli yetu.)

Tulienda watu wanne. Tulikataa viti. Mama mmoja alifungua robine, wawili wetu tukaenda kutafuta konteri. Tuliikuta ndani ya parseli yenyewe, na mshale wake ulikuwa unazunguka maji yakitoka, ukasimama yalipofungwa. Tuliomba fakitire tatu za mwisho. Jina lilikuwa la muuzaji, lakini kulikuwa na deni la miezi saba. Alisema litalipwa. Tulimwambia litalipwa kabla, na risiti itawekwa pamoja na karatasi za kuuziana, kwa maana deni likibaki ni mnunuzi atakayeona robine yake inafungwa.

Kisha umeme. Kulikuwa na kashipawa ukutani na taa inawaka. Vizuri. Tukamwomba muuzaji azime dijonteri. Alizima. Taa ya kibanda ilizimika, na wakati uleule radio ya jirani ikanyamaza. Jirani akatoka nje, akatuangalia, sisi tukamwangalia. Kumbe anavuta waya kutoka kwa muuzaji na kumpa pesa kila mwisho wa mwezi. Muuzaji alisema ni jambo dogo. Si dogo, wamama. Waya ule ulikuwa umepita juu ya tole, umefungwa na mfuko wa plastiki mahali ulipounganishwa, na mvua ikinyesha unajua ni nini kinaanza. Mjini kwetu nyumba zimebanana. Moto ukianza kwenye kibanda kimoja cha mbao hauulizi mpaka uko wapi. Tena, huyo jirani akiambiwa kwamba waya unakatwa, mama yetu atahamia pale akiwa na adui siku ya kwanza. Tulisema muuzaji ndiye amalize habari hiyo na jirani, mbele ya shefu wa avenii, kabla pesa haijatoka.

Tulizunguka parseli tukitazama chini. Mama wa kundi letu aliyekulia Kadutu alituambia kwamba kwao walichimba fundasio wakapiga tiyo kubwa ya zamani iliyopita chini, ikabidi wabomoe. Basi tuliuliza wazee wa pale kama kuna tiyo inayopita, na wakatuonyesha inapita nje ya uzio. Tuliangalia maji machafu yanaenda wapi, na maji ya mvua ya tole za jirani wa juu yanashukia wapi. Yanashukia kwake. Kuna mfereji umeshaanza kula udongo nyuma ya kibanda, upana wa mkono mmoja. Hili lilimhuzunisha kuliko deni, kwa sababu deni linalipwa lakini mteremko hauhami. Choo cha jirani kiko mbali vya kutosha. Na chemchemi ya karibu iko zaidi ya mita 30 kutoka mahali atakapochimba chake.

Alituuliza: kama maji ya robine yakikauka kiangazi, atafanya nini? Swali zuri, na siku ile ya vikwembe vya sare hatukuwa nalo. Tulihesabu pamoja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya tole ni lita moja. Nyumba ya mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000, tutoe zinazomwagika. Mvua mbili nzuri zinajaza tanki la plastiki la lita 1,000. Lakini kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane tanki moja kwa watu watano, kila mmoja akitumia bidoni moja kwa siku, ni siku kumi tu. Kwa hiyo mvua ni msaada, haichukui nafasi ya robine. Alinyamaza akihesabu kwa vidole.

Jambo moja tulilomshauri, na wengine hawalipendi: jina. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyobadilisha kanuni ya jamaa, hata mama aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana yake ili atie mkono. Huyu ni mjane, hakuna wa kumzuia kabisa, lakini shemeji yake tayari amesema ataandikisha yeye « ili mambo yaende haraka ». Tulimwambia parseli, abonema ya maji na kashipawa vyote viwe kwa jina lake yeye. Abonema ikiwa kwa jina la shemeji, siku moja watu watasema hata nyumba ni yake.

Hajaamua bado. Tumemwambia asilipe hata arabuni. Siku ya ine atarudi pale saa moja ya jioni, watu wakiwa wamewasha, pamoja na kijana fundi mwenye chombo cha kupima volti. Tunataka kuona kama inasoma 220 au inasoma 150. Atalala kwa mama wa jirani, mkristo mwenzake, na saa kumi ya usiku atafungua robine tena na kuweka bidoni chini yake, ahesabu inajaa kwa dakika ngapi. Wawili wetu watalala naye. Mama wa yule binti ndiye alisema wa kwanza kwamba ataenda.